Mazishi ni Kesho

Severina Kikoti alikuwa anamwogesha mjukuu wake kwenye beseni, nyumbani kwa binti yake Iyunga, Mbeya, aliposikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye simu. Mdomo ameufunga, sabuni iko mkononi, mtoto anapiga mateke ndani ya maji. Na sauti yake, ile ile aliyozaliwa nayo, iko Ilula inawatakia wasikilizaji mchana mwema.

"Mama," Anjela akauliza kutoka kitandani, "kwani ulirekodi kabla ya kuja?"

"Nirekodi nini?"

"Si hayo matangazo ya vifo."

Severina akamtazama binti yake kama aliyetukanwa. Vifo vinarekodiwaje kabla? Nani alikaa mwezi uliopita akajua ni nani atakayekufa wiki hii? Kidogo tu amwachie mtoto azame kwenye beseni.

Ili uuelewe mshtuko wa mama huyu, yafaa uijue redio yenyewe. Kwenye leseni ina jina refu lenye "jamii" na "maendeleo" ndani yake, lakini Ilula nzima, kuanzia wauza nyanya wa barabarani hadi padri, wanaiita Redio Mashine, kwa sababu studio yake ni chumba kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya kusaga ya mzee Bartholomeo. Mwenye mashine ndiye mwenye redio. Mahindi ya watu ndiyo yanayolipia umeme wa mnara, na mahindi hayo hayo ndiyo yanayovuruga vipindi, maana mashine ikianza kunguruma hakuna ukuta wa kuizuia. Wasikilizaji walishazoea kupokea habari za dunia zikiwa na mngurumo chini yake. Vijana watangazaji walikuja, wakajifunzia kazi hapo, wakang'ara, wakahamia redio kubwa za mjini. Bartholomeo akabaki na kompyuta, na jogoo wa jirani anayewika katikati ya taarifa ya habari, na Severina.

Severina hakusomea utangazaji. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya ya Wakatoliki, aliyekwenda siku moja kusaga mahindi yake akaombwa asome tangazo la msiba kwa sababu msomaji alikuwa na mafua. Ndio ikawa moja kwa moja. Na hapo ndipo redio ndogo inapoipiku redio kubwa, kwa sababu redio kubwa haina habari na bibi aliyefia kijiji cha ndani kabisa huko Kilolo. Redio Mashine ilikuwa na habari naye. Ujumbe wa msiba ukiingia kwenye simu ya redio, Severina aliusoma kwanza kimoyomoyo, akaipigia familia, akauliza jina linatamkwaje na mwili uko wapi, akatoa pole, ndipo akakaa mbele ya maiki. Watu wakampenda, wakamwogopa pia. Akipita barabarani wauza nyanya walimtania, "Mama Tanzia, leo pita tu, huna changu!" Naye anawajibu, "Endelea kupunja wateja, nitakusoma mwenyewe."

Masika yalipokuwa yanaisha, Bartholomeo alimwomba amsomee vitu vingi mfululizo, magazeti ya zamani, kitabu cha kilimo, hata maelezo ya dawa ya nyanya. Alimwambia wanatengeneza vionjo vya redio, vile vipande vifupi vya kupachika kati ya vipindi. Severina akasoma kwa raha zake, na soda akanunuliwa. Kisha Anjela akajifungua, Severina akaomba ruhusa ya kwenda kumlea mzazi, na Bartholomeo huyu, ambaye kumwomba nusu siku ni kama kumng'oa jino, akasema, "Nenda mama, kaa hata mwezi." Mtu mwingine angeshtuka hapo hapo. Severina hakushtuka, kichwani alikuwa na mjukuu tu.

Aliyemsindikiza barabarani ni kaka yake, Sosthenes, amebeba ndoo ya nyanya za kumpelekea Anjela. Huyu ndiye aliyemsimamia dada yake nyumba ikaisha, mume wake alipofariki. Na huyu huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa kununa Ilula nzima. Ukipita kwake bila kupiga hodi, ananuna. Ukimuuliza kwa nini amenuna, ananuna upya. "Ukirudi," alimwambia Severina pale barabarani, "begi usilitue kwako. Anzia kwangu."

Basi Iyunga, siku hiyo, ni Severina mwenyewe aliyemwomba Anjela aitafute Redio Mashine kwenye simu, kwa njia ya mtandao. Wiki nzima alikuwa amejizuia kwa wivu. Alitaka kumsikia huyo aliyekaa kwenye kiti chake, amsikie akikosea majina ya watu, moyo utulie. Na aliyekaa kwenye kiti chake akawa yeye.

Akamfunga mtoto kwenye kanga, akasogea karibu na simu. Sauti ilikuwa safi, na usafi huo ndio uliomtisha zaidi. Hapakuwa na mngurumo wa mashine wala jogoo. Ilikuwa sauti yake iliyooshwa ikaanikwa. Hata ile tabia yake ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya kutamka neno "kifo" ilikuwemo. Akasomwa mzee mmoja wa kijiji cha mbali. Pumzi ikavutwa tena.

"Ndugu Marcelino Kikoti wa Ilula," ikasema sauti ya Severina, "anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake mpendwa, Sosthenes Kikoti, kilichotokea ghafla akiwa shambani. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana, nyumbani kwa marehemu. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Likafuata tangazo la dawa ya nyanya.

Severina akamgeukia binti yake akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, "Anjela, nimesema nani amekufa?"

Anjela alikuwa ameshaanza kulia. "Mjomba, mama. Umesema mjomba Sosthenes."

Jamani, kuna namna nyingi za kuletewa msiba. Wapo wanaopigiwa simu, wapo wanaofuatwa na mchungaji, wapo wanaoona tu watu wamejaa uani kwao wakaelewa. Lakini kuambiwa na wewe mwenyewe, kwa sauti yako, huku wewe hujui! Severina hakulia. Mshangao ulikuwa umekaa mlangoni, kilio kikakosa pa kupita.

Akampigia Marcelino, mdogo wao wa mwisho. Simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia Veneranda, mke wa Sosthenes. Haipatikani. Akampigia Bartholomeo, na Bartholomeo akapokea kwa uchangamfu, akisema yuko Dodoma anahangaikia leseni.

"Mzee, nani anasoma vifo?"

Uchangamfu ukamwishia Bartholomeo. "Mama, nilitaka ukirudi nikueleze vizuri. Ni mashine."

"Mashine?" Severina akaiona kichwani ile mashine ya kusaga, na mkanda wake, na unga unaopeperuka. Akadhani ama huyu mzee amelewa, ama ni yeye anayerukwa na akili. "Mashine inasomaje vifo?"

"Siyo hiyo, mama. Ni kompyuta. Yale uliyonisomea, imejifunza sauti yako. Hata mimi iliponisalimia nilisisimka mwili. Wasikilizaji hawajajua lolote! Mama, nisamehe, nilikuwa nafunga redio. Sina mtangazaji, sina wa kumlipa. Hii inashika tu nafasi yako."

"Na ujumbe anausoma nani kabla haujaenda hewani?"

"Hakuna haja ya mtu. Ukiingia kwenye simu unapita wenyewe, inausoma yenyewe na kuurudia yenyewe."

"Kwa hiyo kaka yangu amekufa," Severina akasema, "ametangazwa kutoka kwenye chumba chako, na pale redioni hakuna binadamu hata mmoja anayejua."

"Kaka yako?" Bartholomeo akasema. "Kaka yako yupi?"

Severina akakata simu. Hasira ilikuwepo, lakini aliiweka kando kwa sababu alikuwa ameshika neno moja, akalishikilia kwa mikono miwili. Kesho. Mazishi ni kesho saa nane. Akiondoka sasa hivi atamwahi. Atamshika mkono kabla sanduku halijafungwa, atamwambia kaka nimekuja, nimeanzia kwako. Akamkabidhi Anjela kwa mama mwenye nyumba, akatupia nguo kwenye begi, akaenda kudaka basi la mchana la Iringa.

Njia nzima alikuwa anapiga simu. Marcelino hapokei. Usiku basi likaishia Ipogolo, Iringa, akajikunyata kwa mwanakwaya mwenzake hadi kulipokucha, na gari la kwanza la Ilula likamkuta amesimama barabarani. Alipofika hakugeuza hata shingo kutazama nyumba yake. Begi mkononi, alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake.

Alichokikuta ni wanaume wanakunja turubai. Wanawake wanasugua masufuria makubwa kwa majivu. Na nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kulikuwa na tuta la udongo mbichi lenye msalaba wa mbao na mashada ambayo jua lilikuwa limeshaanza kuyakausha.

Begi likamdondoka.

"Mmezika?" akauliza. "Mmezika kabla ya saa nane? Si ni leo?"

Marcelino akaja, macho mekundu, hakumpa mkono. "Dada, tumezika jana. Saa nane, kama ulivyotangaza."

"Redio imesema kesho! Nimeisikia jana mchana kwa masikio yangu, imesema kesho!"

Alipolitamka tu ndipo akaelewa. Marcelino alikuwa ametuma ujumbe juzi jioni. Juzi jioni "kesho" ilikuwa sahihi. Jana mchana tangazo liliporudiwa, ile "kesho" ilitakiwa iwe "leo". Hakuna msoma vifo anayehitaji kufundishwa jambo hilo. Unakaa na karatasi, unajua leo ni siku gani, unakata neno moja unaweka jingine, basi. Ile kompyuta ilijua kuvuta pumzi kabla ya kifo, lakini haikujua kwamba kumekucha. Na wakati Severina anapanga nguo Iyunga, akimshukuru Mungu kwamba ataliwahi jeneza, watu walikuwa tayari wanasogea kwenye migomba na majembe.

Wanawake hawakuinuka kumkumbatia. Walimtazama tu. Alimkuta Veneranda amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani, akapiga magoti mbele yake.

"Wifi, pole. Wifi, sikujua."

Veneranda akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. "Hukujua nini? Wiki nzima tunakusikia redioni. Kaka yako siku ya kwanza akasema, 'Sikiliza, huyo amerudi.' Akachinja kuku, wifi. Tukakungoja mpaka usiku. Siku ya pili akasema, 'Labda amechoka na safari.' Siku ya tatu alikuzima hukumaliza hata salamu. Nikamwambia mpigie basi simu. Akasema, 'Nimpigie nini mtu aliye hapo juu kwenye mashine? Yeye ndiye mwenye miguu.'" Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Kaka yako amekufa amekununia, wifi. Asubuhi ile anakwenda shambani bado amekununia."

Severina alikuwa amejiandaa kwa kifo njia nzima, lakini hili hakujiandaa nalo. Kuku alichinjwa. Watu walimngoja.

"Na jioni ile," Veneranda akaendelea, safari hii kwa hasira, "tuko na maiti ndani, tunakusikia unamsoma. Sauti haikutetemeka hata mara moja. Umemsoma Sosthenes kama unasoma bei ya nyanya. Marcelino akasema mtu asikupigie. Kama umeweza kumtangaza, na kushuka hapo ukashindwa, basi baki huko huko."

"Haikuwa mimi."

"Sauti yako siijui?"

"Haikuwa mimi, wifi! Nilikuwa Mbeya kwa Anjela, sijatoka. Wameweka kompyuta inayoongea kama mimi."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaguna. Na hapa ndipo balaa lenyewe lilipokuwa, kwamba kila alipofungua mdomo kujitetea, sauti iliyotoka ni ile ile iliyomshitaki. Angekuwa bubu wangemwamini. Severina, ambaye watu wa Kilolo walikuwa wanazima majadiliano yao ili wamsikilize, akajikuta anaogopa kusema.

Akakaa kwenye mkeka, pembeni, peke yake. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsogelea. Jua likapanda. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, redio ilikuwa inapiga muziki, halafu muziki ukakatika.

"Ndugu wasikilizaji, mchana mwema," ikasema sauti ya Severina.

Uani kote mikono ilisimama juu ya masufuria. Wanawake waligeuka kutazama kibandani, wakageuka kumtazama Severina, wakageuka tena. Alikuwa amekaa pale pale mbele yao, midomo imefungwa, machozi yanateremka, na alikuwa pia kule kibandani anasoma. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba, akavuta kanga yake na kusogea mbali. Mwingine akasema, "Yesu na Maria."

Veneranda akatambaa kwa magoti hadi kwa wifi yake, akainua mkono, akaweka vidole juu ya midomo ya Severina. Akaviacha hapo. Midomo ilikuwa imetulia, na sauti ilikuwa inaendelea.

"Ndugu Marcelino Kikoti wa Ilula anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake mpendwa, Sosthenes Kikoti, kilichotokea ghafla akiwa shambani. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana..."

"Kesho!" Veneranda akapiga ukelele. "Kesho tena? Mnamzika mume wangu mara ngapi?"

Severina akainuka. Alitoka uani, akapanda kile kilima kifupi cha kwenda kwenye mashine, na nyuma yake akasikia kanga zinapishana; Veneranda anakuja, na Marcelino, na wanawake wenye majivu mikononi.

Studio ilikuwa na kufuli. Severina akachungulia dirishani. Kiti chake kipo, hedifoni zimetundikwa kwenye msumari wake, kioo cha kompyuta kinawaka taa ya buluu, na humo ndani ya chumba kisicho na mtu yeye alikuwa anawasomea watu misiba yao. Amewatangaza mamia ya watu wa wilaya hii, na wote aliwapigia simu kwanza. Alijisikia kama anajichungulia mwenyewe akiwa maiti.

Akamgeukia Obeid, baba mmoja mtu mzima anayeendesha mashine ya kusaga, aliyekuwa amesimama kwenye unga na kofia yake mkononi.

"Ulijua, Obeid?"

"Nilijua, mama." Obeid akainamisha kichwa. "Mzee alisema atakueleza mwenyewe. Mimi sikujua kama na msiba wako utapita humo."

"Zima umeme."

"Mama, watu wana mahindi yao hapa. Na redio nayo inakatika, ni swichi moja. Mzee atanifukuza."

"Baba Obeid," Veneranda akasema, "mume wangu anazikwa kila siku. Zima."

Obeid aliwatazama wote wawili, akaenda ukutani, akashusha swichi kubwa. Mashine ikalegea, mkanda ukazunguka kwa uvivu, ukasimama. Ndani ya studio ile sauti ikakatika katikati ya jina la mtu. Kukawa kimya ambacho mahali pale hapajawahi kuwa nacho mchana. Watu wenye madebe ya mahindi wakasimama, wengine wakatoka nje kuona kuna nini.

Severina akasimama mlangoni pa mashine. Alivuta pumzi, na watu wakaona jinsi ilivyomtetemesha mwili mzima.

"Sosthenes Kikoti alizikwa jana," akasema. Sauti ilikuwa imepasuka, hapakuwa na mtu wa Ilula aliyewahi kuisikia hivyo. "Mimi dada yake sikuwepo. Nilikuwa Mbeya, kwa mwanangu aliyejifungua."

Akageuka akatazama kule chini, nyuma ya nyumba ya kaka yake, kwenye migomba.

"Sosthenes," akaita, kwa nguvu zote, kama mtu anayepiga hodi. "Sikuwa nimerudi! Kaka, mimi nilikuwa sijarudi!"